Fremu ya Baba

Dada wa mfuko wa akiba alikuja ofisini kwetu Posta na fomu zenye visanduku vitatu. Cha kwanza, akiba yako ya uzeeni inunuliwe hisa, ambazo hupanda na kushuka. Cha pili, mchanganyiko. Cha tatu, hati fungani za serikali: faida ndogo, lakini mtaji haupotei ovyo. Nikatia tiki cha tatu kabla hajamaliza kueleza.

"Kaka, kwa umri wako ungeweka japo robo kwenye hisa," akasema. "Umekuwa mwoga kama mstaafu."

Wenzangu wakacheka. Mimi sina subira na utani wa namna hiyo. Nikamwambia hela zangu, uzee wangu, achukue fomu yake aende. Baadaye niliona aibu, maana binti wa watu alikuwa anafanya kazi yake.

Lakini angejuaje? Baba yangu alipostaafu kiwandani, kiinua mgongo chote alikitumia kulipia kilemba cha fremu ya duka Kariakoo. Ndiyo desturi ya pale: mpangaji anayeondoka unampa kilemba, anakuachia duka, na mwenye nyumba anaridhia kwa sahihi yake. Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza shule. Baba alishaniahidi nitakaa kaunta, niuze vitenge. Nilishajiona bosi.

Siku ya mkataba alinipa karatasi. "Soma wewe, macho yangu hayawezi tena maandishi madogo."

Nikasoma. Pale pa mwenye nyumba hapakuwa na sahihi. Niliona, wallahi niliona. Mpangaji akasema mzee kasafiri, akirudi atasaini. Nikaogopa duka lisije likatuponyoka. Nikamwambia baba, "Iko sawa."

Hata mwaka hatukumaliza. Mwenye nyumba akaja na mafundi wa kuvunja. Akasema anajenga ghorofa, kilemba hakitambui, na sisi si wapangaji wake. Mpangaji simu haipatikani. Baba hakuniuliza hata neno moja. Kila asubuhi alivaa shati lake jeupe, akaenda kusimama mbele ya mabati ya ujenzi mpaka adhuhuri. Alifanya hivyo hadi miguu ilipokataa.

Alishafariki, lakini nikikatiza Mnazi Mmoja kuingia Kariakoo bado namwona kati ya wabeba mizigo, kanipa mgongo. Naogopa atageuka. Kwa hiyo huwa nazunguka mtaa mwingine, hata kama nina haraka.

Jumapili nikamweleza mama habari za fomu. Alikuwa anachambua mchele.

"Hapo umefanya la maana," akasema. "Ile karatasi ya fremu ilimtia baba yako wasiwasi. Nikamwambia basi airudishe. Akasema, kijana kasoma, kama pangekuwa na shimo angeliona. Uliposema iko sawa, alilala fofofo, mara ya kwanza tangu astaafu."

Nikakodolea macho ule ungo. Miaka yote hiyo nilikuwa nasubiri mtu aniulize.

"Usijilaumu, mwanangu," akaendelea. "Ulikuwa mtoto. Ungeonaje?"

"Kweli, mama," nikasema. "Nisingeona."

Akaniombea dua, nipate uzee mwema.