Mavi ya Chuma Ndani ya Ekseli

Mwaka 2013 nilikuwa nafundisha kemia sekondari moja ya Kibondo. Serikali ilinitoa Tanga ikanipeleka huko, na huko nikaolewa na Muha. Mume wangu alikufa kwenye mteremko wa Kitanga, Kasulu, karibu na kwao, gurudumu la mbele la pikipiki lilipochomoka. Tukamzika kesho yake. Sikulia, na watu wakasema mwalimu ana moyo mgumu. Sikuwa na moyo wowote. Nilikuwa kama shavu lililopigwa ganzi kabla ya kung'olewa jino: unalishika, nalo halina habari.

Siku moja kabla ya kufa alikuwa amegonga mbuzi wa bibi mmoja jirani yao, mjane asiye na mtoto. Bibi alimwambia mbele ya watu, "Nawe uanguke hivyohivyo." Akaanguka. Kifo kina mkono wa mtu, watu wakasema, na mtu mwenyewe alikuwa hatua chache tu kutoka msibani. Tuliporudi kutoka makaburini wanaume wa ukoo wakajitenga, na haikuchukua muda tukajua kwamba wataichoma nyumba ya yule bibi na kumfukuza kijijini, kama atawahi kutoka ndani.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, ndiye aliyeniletea ekseli, kile chuma cha unene wa kidole kinachopita katikati ya gurudumu. Ilikuwa imekatika vipande viwili, ameitia kwenye mfuko wa rambo. Alidhani nitataka kuitunza. Nilikuwa nimetoka shuleni mbio na mkoba wangu wa kazi, na lenzi ya maabara ilikuwamo. Nikakaa kuitazama, kwa sababu kutazama chuma kulikuwa rahisi kuliko kutazama watu.

Chuma kinachokatika kwa mpigo mmoja huwa na chengachenga mpya zinazometa pote. Hiki kilimeta upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa laini, una kutu, na una mistari ya mviringo iliyozunguka doa jeusi dogo kama punje ya ulezi.

Nikaenda walipokaa wanaume, jambo ambalo mke wa marehemu halifanyi, nikawaeleza. Chuma kikiyeyushwa kiwandani, mavi ya chuma huelea juu yakaondolewa, lakini mengine hunaswa ndani. Wawili walicheka niliposema mavi, na sikuwalaumu. Nikaendelea. Barabarani ekseli hupinda kidogo na kurudi, lakini yale mavi hayapindi, kwa hiyo ufa huanzia pembeni mwake. Unatambaa polepole, mpaka chuma kizima kinachobaki hakitoshi kubeba mzigo.

"Ufa huu ni wa miezi," nikasema. "Mbuzi kagongwa juzi."

Shemeji aliigeuza ekseli mkononi. "Shemeji, haya ya shule sisi hatuyajui," akasema. "Lakini mwenye msiba ni wewe. Ukisema aachwe, ataachwa."

Nikasema aachwe. Hawakuelewa nusu ya maneno yangu, ila walitimiza ahadi. Wakarudi kwenye ugali.

Asubuhi bibi alikuja na kikapu cha ndizi. "Mwakeye, mwalimu," akanisalimu kwa Kiha, akaketi mkekani karibu nami.

"Nimeambiwa umesema ni chuma."

"Ni chuma, bibi."

"Mimi sikutania. Niliyatamka kwa moyo wangu wote."

"Chuma hakisikii maneno."

Akanishika mikono yote miwili, akalia. Alilia kwa sauti, kwa muda mrefu, mpaka wanawake wengine wakanyamaza kumsikiliza. Mimi nilitazama utosi wake na kitambaa chake kilichofifia. Nilikuwa nimesema kweli, na ningeisema tena. Lakini nilitamani sana awe ndiye aliyemuua. Angalau ningepata mtu wa kumchukia.