Kilele cha Dura cha Natalina

Kwenye safu yetu ya wauza nafaka, sokoni Custom, muuzaji anayepatikana na kipimo pungufu hapelekwi polisi. Malwa yake inatobolewa. Malwa ni kopo la bati ambalo Juba nzima tunapimia nafaka, na msumari ukishapita kitakoni mwake, basi. Hata ukiiziba kwa lami, wateja wataliona lile kovu na kukupita kama hawajawahi kukujua. Mimi nashona midomo ya magunia hapa, na katika miaka yangu yote nimeona malwa mbili tu zikitobolewa. Mwezi wa nane mwaka huu nusura nione ya tatu, na ilikuwa ya Natalina.

Natalina ni mtu wa Rejaf, jirani na Juba, aliyekulia kambini Uganda. Malwa yake ilikwenda uhamishoni ikiwa kichwani kwa mama yake, imejaa sufuria ndogo na Biblia, na ikarudi kichwani kwa mama huyohuyo, safari hii ikiwa tupu. Mama hakusoma hata siku moja. Lakini kule kambini, wakati wa kugawiwa chakula, alikuwa akichuchumaa mbele ya mgawaji na kukitazama kilele cha nafaka juu ya kopo kwa jicho moja, kama fundi anayekagua ukuta. Kisha anasema, "Baba, hicho bado. Mimina." Na mgawaji anamimina.

Alikuwa na sheria yake, akamwachia binti. Kila nafaka ina mtelemko wake. Dura, yaani mtama, ina wake, simsim ina wake, maharage yana wake. Mimina kwa mkono wa kulia au wa kushoto, mimina kwa upendo au kwa hasira: kilele kikitosha, punje zinaanza kuteleza pembeni, na mtelemko unarudi uleule. Mkono hauwezi kuubadilisha. Kwa hiyo muuzaji ambaye kilele chake kimelala, wakati wa wenzake kimesimama, hajamimina mpaka mwisho. Anaiba.

Mimi niliipenda sheria hiyo kuliko nilivyopenda watu wengi. Fizikia nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu kisicho na jalada nilichokiokota kambini. Kiliishia katikati ya sura ya joto. Sura ya umeme mtu alishaiwashia moto wa chai. Ndiyo maana umeme siujui, ingawa Juba yenyewe na umeme hawajafahamiana vizuri, kwa hiyo sijahasirika sana. Basi nilinunua kipimapembe cha plastiki, cha watoto wa shule, nikaenda kupima vilele vya Natalina. Ilikuwa kiangazi. Nikapima mara arobaini, siku mbalimbali, mikono mbalimbali. Mara zote arobaini mtelemko wa dura ulikuwa mmoja.

"Mama Natalina," nikamwambia, "sheria ya mama yako imethibitika."

"Ustaz, mimi nilikuwa najua tangu nina meno ya maziwa," akasema. "Wewe ulikuwa unamthibitishia nani?"

Hapo nilikosea, na kosa langu litaonekana sasa hivi.

Mvua zilipoanza, kilele cha Natalina kikapanda. Sijui niseme vipi: kilisimama juu ya malwa kama kofia ya askofu. Wateja wakaanza kumfuata. Wanawake wanaokaa mbali, ambao wangeweza kununua karibu na kwao, walikuwa wanakuja na vikapu vyao mpaka kwake. "Huyu ana mkono wa baraka," wakasema. Mita tano kutoka pale, Nyawal, mkubwa wa safu yetu, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, alikuwa anauza dura ileile iliyoshushwa na lori lilelile, na kilele chake kilikuwa kifupi, kimelala, aibu tupu.

Natalina hakumhurumia. Sheria ilikuwa upande wake.

"Nyawal, dada yangu, hicho ni kilele au ni mtoto amekikalia?"

"Uza vyako."

"Nafaka ni moja, lori ni moja. Mtelemko unasema kweli. Mwambie mkono wako umalize kazi, wallahi."

Safu nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka. Nyawal alikuwa akiutazama msumari alioutundika kwa kamba kwenye nguzo yake, maana msumari wa safu hutunzwa na mkubwa wa safu.

Kisha akaja Juliet. Juliet ni mpishi wa shule moja upande wa Munuki. Kila wiki ananunua kwa Natalina malwa ishirini za dura kwa ajili ya asida, ugali wa watoto. Hakuja kununua. Alikuja na gunia la wiki ile, halijafunguliwa, na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri.

"Mama Natalina, sitaki ugomvi," akasema. "Lakini wiki tatu sasa watoto wa mwisho kwenye foleni wanakuta sufuria nimeshaikwangua. Watoto ni walewale. Sufuria ni ileile. Mimi ni yuleyule."

"Malwa ni ishirini, ulihesabu mwenyewe."

"Nilihesabu. Na vilele nilivifurahia. Lakini asida haitoshi."

Ingekuwa zamani, wangebishana mpaka adhuhuri na tungejifunza kitu. Siku hizi kuna Lubega. Lubega ni Mganda wa Masaka, anauza sukari na unga mkabala na sisi, na ana mzani unaowasha namba nyekundu. Alishafika, mzani kwapani.

"Nyabo, mama zangu, msipoteze mate," akasema. "Mashine iseme."

Natalina akamimina malwa moja, kilele cha askofu. Mzani ukasema kilo tatu na nusu na kidogo. Nyawal akaleta yake, kile kilele cha aibu. Mzani ukasema kilo tatu na robo tatu.

Watu wakainama kuzisoma upya zile namba. Kilele kirefu kimekuwa chepesi, kifupi kimekuwa kizito.

"Mzani wako ni mgonjwa," Natalina akasema.

"Mimi?" Lubega akaweka paketi ya sukari ya kilo moja. Mzani ukasema moja. "Unaona? Mzima kama mimi."

"Na hiyo paketi, nani aliipima?"

"Kiwanda."

"Kwa mzani wa nani?"

Lubega akajikuna. "Wa kiwanda."

"Kwa hiyo mzani unashuhudia paketi, na paketi inashuhudia mzani. Hawa ni ndugu wawili waliokula pamoja asubuhi. Mimi siwezi kuhukumiwa na familia."

Nikaona nafasi yangu. Nikasema kwamba lita moja ya maji ni kilo moja, kitabu kilisema hivyo, na kwa hiyo tulete chupa ya maji ya lita moja. Nililisema vizuri sana, kwa Kiswahili safi.

"Na chupa ilipimwa na nani, Ustaz?" Nyawal akauliza.

Nikarudi kwenye gunia langu.

Natalina ndiye aliyetuondoa shimoni, ingawa ilikuwa inamfaa yeye tubaki humo. Akawaza kidogo, akasema, "Kalas, basi, tuache kilo ya kweli. Hatuijui. Lakini kama mzani huu ni mwongo, umetudanganya mimi na Nyawal sawasawa. Na bado kipimo changu kimepungua." Alikuwa anajikata mwenyewe.

Watu wakasema basi kopo lake limebinywa ndani. Tukaijaza malwa ya Nyawal maji mpaka ukingoni, tukayamimina kwenye ya Natalina. Yakafika ukingoni, tone moja likamwagika, labda kwa sababu Lubega alipumua. Makopo ni sawa.

Nyawal akafungua kamba ya msumari. Hakuwa na furaha. Afadhali angekuwa nayo.

"Nafaka ni moja," akasema. "Lori ni moja. Mzani ni mmoja, makopo ni sawa. Ulinifundisha wewe mwenyewe, Natalina, mbele ya watu. Kimebaki nini? Kimebaki mkono."

Natalina aliishika malwa ya mama yake kifuani. Nilimwona akipitisha kidole kitakoni mwake, pale ambapo msumari ungepita. Mara arobaini nilikuwa nimeipima ile sheria, na sasa sheria ileile ndiyo ilikuwa imeshika msumari.

"Tubadilishane," Natalina akasema.

"Nini?"

"Mikono. Wewe mimina dura yangu, mimi nimimine yako. Kama mwizi ni mkono wangu, utaiba popote utakapokwenda."

Nyawal akaweka msumari chini. Akachota dura ya Natalina, akamimina kwa mkono wake mwenyewe, ule mkono wa aibu, kwenye kopo lake mwenyewe. Kilele kikapanda, kikasimama kama askofu. Natalina akamimina dura ya Nyawal. Akamimina, akamimina, punje zikawa zinakimbia pembeni kama mbuzi walioona fisi, kilele kikalala.

"Eh!" Lubega akasema. "Kofia imehama kichwa!"

Wote wakapiga kelele, isipokuwa wale wawili wenye nafaka. Natalina alichukua punje moja ya Nyawal, akaiweka kati ya meno. Ikalia: tak. Akachukua moja ya kwake. Haikulia. Akaitafuna tena polepole, kama mtu anayeonja habari mbaya.

"Nyawal, magunia yako unalaza wapi?"

"Nyumbani, darini, juu ya jiko. Moshi unafukuza wadudu."

"Yangu yako chini, kwenye sakafu ya udongo, upande wa mto." Akakaa juu ya debe. "Yamekunywa mvua. Punje zikilowa zinashikana, hazitelezi haraka, kilele kinapanda. Na zimevimba, malwa inachukua punje chache. Juliet, mimi nilikuwa nakuuzia wewe mvua."

Hapo ningeweza kuishia mimi, kama ningekuwa mwongo. Msumari ulikuwa umeshakosa kazi. Lakini Natalina alikuwa na jambo moja bado, na lilimgharimu kuliko malwa. Akasimama, akasema kwa sauti ili hata wauza vitunguu wasikie:

"Mama alikosea."

Hakuna aliyemdai kauli hiyo. Mama yake aliwalisha watoto sita kwa sheria ile, mbele ya wagawaji waliovaa miwani.

"Nusu alikosea," nikasema. "Mkono hauubadilishi mtelemko. Hiyo imebaki, tumeiona sasa hivi. Lakini dura haina mtelemko mmoja. Ina mmoja ikiwa kavu na mwingine ikiwa na unyevu. Mama yako alijua kiangazi tu."

"Kambini chakula kilikuja kikavu," akasema, kama anamtetea. "Kila mara kikavu."

"Na mimi nilipima kiangazi, mara arobaini. Ningepima mara moja tu kwenye mvua, ningejua."

"Kwa hiyo kitabu chako na mama yangu wamefeli pamoja."

"Wamefeli pamoja."

"Angefurahi," Natalina akasema. "Alikuwa hapendi kufeli peke yake."

Kisha akamgeukia Nyawal. Alimwomba radhi kwa mkono usiomaliza kazi, kwa mtoto aliyekalia kilele, kwa vicheko vya miezi miwili. Nyawal alisikiliza yote mpaka mwisho, bila kumpunguzia hata moja. Juliet akaahidiwa malwa tatu kavu za kujazia upungufu, na zitoke darini kwa Nyawal, Natalina atamrudishia baada ya kuanika.

Ukabaki msumari. Umeshafunguliwa, nyundo imeshaletwa, watu wamesimama. Nyawal hakuwa mwanamke wa kurudisha msumari bila kuupiga mahali. Akaupiga kwenye nguzo ya Natalina, mapigo matatu. Natalina akatundika hapo chupa iliyofungwa, yenye dura kavu ya darini. Ndiyo kipimo chetu: ukitaka kununua kwa mtu yeyote wa safu, unafungua chupa, unatafuna punje moja ya kipimo na moja ya muuzaji, unasikiliza mlio. Zisipolia sawa, muuzaji anaanika kwanza.

Ilikuwa siku nzuri kama za zamani. Nawaambia kwa sababu haziji tena. Mwezi haukuisha kabla nusu ya safu hawajanunua mizani ya namba nyekundu, ambayo Lubega sasa aliileta kuuza, na Natalina naye akanunua. Siku nne sikumsalimia. Siku hizi mteja anatazama namba, anatikisa kichwa, anaondoka. Namba haimwambii kama amenunua dura au mvua, na yeye hauulizi mzani, kwa sababu mzani haujibizani.

Siku ya tano Natalina akaniita. "Ustaz, acha kununa, njoo uone."

Alikuwa ameshika ile chupa. Ilikuwa imebaki nusu. Kila mteja anatafuna punje moja, wengine mbili ili kuhakikisha, na wapo wanaokuja bila kikapu.

"Kipimo chetu kinaliwa," akasema.

"Jaza nyingine kutoka kwa Nyawal."

"Nilijaza jana. Nikatafuna ya zamani na mpya." Akanipa punje mbili kiganjani. "Sikiliza."

Nikatafuna ya kwanza. Nikatafuna ya pili. Ya zamani, iliyokuwa ikifunguliwa kila siku kwenye mvua, haikulia vizuri.

"Sasa niambie," akasema, na macho yake yalikuwa ya mama yake pale mbele ya mgawaji, "kipimo tutakipima kwa kitu gani?"

Nikavuta debe, nikakaa, nikakumbuka kwamba chumvi iliyokaushwa jikoni, ukiitikisa na dura chupani, huganda ukutani mwa chupa kama dura ina unyevu. Nikamwambia alete chumvi, jiko, na Nyawal.