Mwambie Imekuja

Sipendi harufu ya televisheni mpya. Fundi alipofungua boksi sebuleni kwangu, plastiki ile ilinirudisha Somanga, kwenye nyumba yetu ya udongo.

Baba aliuza korosho zote kwa wachuuzi wa malori, akaenda Dar, akarudi na televisheni na betri ya gari. Alichagua iliyo kubwa kuliko zote dukani, ili mama aione akiwa kitandani. Mama alikuwa hainuki tena. Tukaiweka mlangoni mwa chumba chake.

Baba akapanda kwenye paa la makuti na antena aliyoifunga kwenye mwanzi. Mimi nilisimama uani, nikichungulia dirishani mwa mama ili nimpe baba majibu.

"Imekuja?"

"Bado, baba! Chenga tupu!"

Akaielekeza kusini, akaielekeza baharini. Jua lilikuwa kali, na makuti yalikatika chini ya magoti yake. Mama akaniita kwa mkono.

"Mwambie imekuja. Ashuke, ataanguka."

"Lakini mama..."

"Mwambie."

Nikapaza sauti: "Imekuja!"

Baba alishuka, akaingia ndani, akaketi ukingoni mwa kitanda. Alizitazama zile chenga kwa muda mrefu. Kisha akamshika mama mguu, akasema, "Picha safi kabisa."

Wiki iliyofuata shangazi aliifunika televisheni kwa kanga ya mama, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya msiba. Arobaini ikapita. Baba hakuifunua.

"Inaonekana vizuri, dada?" fundi aliniuliza, mikono yake ikiwa bado ukutani.

"Imekuja," nikamjibu. Nilikuwa sijaitazama.