Gitaa la Ondieki wa Birongo

Mtasema nimetunga. Semeni tu, lakini mimi mwenyewe nilikuwepo, na aibu ya siku ile haijanitoka.

Miaka ya sabini ilikuwa imeanza tu. Nilikuwa nikitengeneza magitaa hapa Nyakoe kwa mkono: uso wa mbao ya mwerezi, gundi ya ngozi ya ng'ombe, na juu yake utomvu uliochemshwa na nta ya nyuki. Mpako huo haukauki upesi. Ukiugusa mapema, alama ya kidole inabaki, na itabidi usugue uanze upya.

Alasiri moja mvua ya mawe ilimwingiza kijana karakanani kwangu. Akasema anaitwa Ondieki, wa Birongo. Akachukua gitaa nililolipaka asubuhi ile. Nilimkataza, akatabasamu tu, akalipiga. Niamini, sijasikia tena mkono mwepesi namna ile. Kisha akanieleza kuwa gitaa lake limepasuka, liko chini ya kitanda cha mama yake, niende nikalitengeneze. Alinielekeza boma lao vizuri hata sikuhitaji kuuliza mtu njiani.

Alipoondoka nikalikagua gitaa langu. Halikuwa na alama hata moja. Ungekuwa wewe ungefikiria nini? Mimi nilidhani ni ustadi.

Jumapili nikafunga vifaa vyangu, nikaenda. Nilimkuta mama yake uani na majirani, wakipura maharagwe. Nikasalimia kwa furaha, nikasema kwa sauti, wote wakasikia:

"Mama, Ondieki amenituma. Anasema gitaa lake lililopasuka liko chini ya kitanda chako."

Mikono yote ikasimama. Mwanamke mmoja akanionyesha kando ya migomba. Palikuwa na kaburi, udongo wake bado mwekundu.

"Nani amekutuma uje kunicheka?" mama akauliza.

Nikaeleza habari ya mvua. Hakuna aliyeniamini, mpaka jirani mmoja alipoingia chumbani akatoka na gitaa, uso wake umepasuka katikati. Kumbe mama alikuwa amewaambia wote kwamba mwanawe aliondoka nalo, likapotea katika ajali ya gari iliyomuua.

Akajifunika uso kwa leso.

"Nililipasua mimi," akasema. "Nilichoka na mambo yake ya kupiga gitaa baa. Akaondoka bila kuniaga."

Nilitamani ardhi inimeze siku ile. Mzazi aliyefiwa, nami nikamvua nguo mbele ya majirani zake!

Gitaa nililitengeneza, nikalirudisha. Alilipokea langoni, akageuka akaingia ndani. Hadi leo tukionana sokoni, mmoja wetu hubadili njia, na mara nyingi ni mimi.

Kwa hivyo wewe unayenisikiliza, mgeni akikutuma kwa mama yake, ujumbe uufikishe, lakini usiropoke uani. Mwite mama pembeni kwanza. Huenda aliyekutuma hakukusudia wasikie watu wengine.