Kuku wa Mzee wa Kanisa

Enzi za Mwingereza, baba alikuwa mzee wa kanisa kijijini kwetu, karibu na Geita. Mhubiri mgeni akatuambia tusilime, Bwana anarudi kabla ya mavuno. Mwalimu wetu wa dini akampinga waziwazi, jembe begani. Baba akashindwa kujua yupi mkweli. Basi akafanya nini? Akampelekea mganga kuku! Mganga akampasua, akasoma matumbo, akasema mgeni ndiye wa kweli. Hatukulima. Mvua ikanyesha bure, mgeni akatoweka, njaa ikamuua mdogo wangu. Mwalimu akatuletea kikapu cha mtama. Baba hakukigusa. Alikamata kuku wetu wa mwisho, akarudi kwa mganga kuuliza kama mwalimu ni wa kweli.