Joto la Chumba cha Mbele

Kwa msomaji aliyekulia kwenye nyumba yenye dari, nianze kwa kueleza kidogo. Bati likipigwa na jua la Kibaha, na chini yake hakuna kitu, chumba kinakuwa chungu kilichofunikwa. Ikifika saa sita mchana mshumaa unainama wenyewe mezani. Ndivyo kilivyokuwa chumba cha mbele cha shangazi yangu mjane, niliyekuwa nikiishi kwake nilipoanza kazi ya ualimu. Changu kilikuwa upande wa uani, chini ya mkorosho, kwa hiyo mimi nilipona.

Miaka ile watu walikuwa wanahimizwa kujenga nyumba bora, na bati lilikuwa heshima. Marehemu mume wake alilinunua kwa korosho zake, na shangazi hakutaka lisemwe vibaya hata na mvua.

Kodi ya chumba ilikuwa ndogo, ila joto nalo lilidai ya kwake. Bwana shamba mmoja kutoka nyanda za juu alihamia na masweta yake. Mshahara wake ukaishia kwenye madafu na maji ya kuoga, ambayo tulikuwa tunayanunua kwa debe. Akahama amekonda. Akaja nesi, akaja fundi cherehani. Wote waliondoka wakiwa bado wanampenda shangazi.

Waliingiaje? Shangazi alikuwa na utaratibu wake. Mpangaji aje kutazama chumba alfajiri, umande haujakauka. "Macho ya asubuhi ndiyo yanayoona vizuri," alikuwa akisema, huku akimpa mgeni chai.

Mwishowe baba mkubwa, kaka yake wa Kibuta, akaleta neno: Ramadhani ikiandama chumba kikiwa kitupu, nyumba iuzwe, shangazi arudi kijijini akae naye.

"Kwa wifi yule?" shangazi akaniambia, machozi yanamlenga. "Anapika wali kama uji, halafu anangoja umsifu!"

Nikamwambia, "Shangazi, makuti hayapitishi joto kama bati."

"Niweke makuti juu ya bati? Majirani wa hapa Pangani wakipita waseme nimerudi nyuma?"

"Siyo juu. Chini yake, kwa ndani, kama dari. Barabarani wataendelea kuona bati."

Akalitazama bati. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe kusoma kuna faida kidogo."

Makuti tuliagiza Kibuta. Baba mkubwa alikuja nayo mwenyewe kwenye lori, uso umejaa furaha.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Dada bati kamwuzia nani?"

Alipojua kwamba hakuna kilichouzwa, na makuti ni ya dari, alinuna. Lakini alikuwa mtu asiyeweza kuvumilia kuona kuti likifungwa vibaya. Alinitazama nikihangaika na kamba, akaguna, akapanda mwenyewe. Alipomaliza akasema, "Haya, nijaribu hilo joto lenu. Nitatoka humo nimelowa jasho, na hapo ndipo tutafunga virago." Akatandika mkeka, akajifunika shuka jeupe gubigubi.

Muda huo huo akabisha hodi karani kutoka Tabora, aliyesikia habari za chumba. Ilikuwa saa saba mchana, na ofisini alikuwa ameomba ruhusa fupi.

Shangazi akaninong'oneza, "Mwambie arudi alfajiri!"

"Mwache aone, shangazi. Safari hii hatuna cha kuficha."

Sasa, sisi Wazaramo na Wanyamwezi wa Tabora ni watani, na mtani msibani hana adabu. Karani alifungua mlango, akaona shuka jeupe limelala kimya, akajishika kichwa.

"Jamani! Mna maiti ndani halafu mnapangisha? Watani zangu, mnafanya biashara hata na marehemu!"

"Marehemu mwenyewe wewe," shangazi akamjibu. "Huyo kaka yangu amelala."

"Saa saba mchana, chini ya bati, kajifunika? Huyo amekufa. Simziki bure, nipeni kwanza haki yangu ya utani."

"Haki yako ni mzigo! Si ndiyo kazi yenu tangu zamani za misafara? Mbebe."

Karani akainama, akavuta pembe ya shuka. Baba mkubwa hakufumbua hata jicho.

"Fungeni mlango," akasema. "Mnaniingizia joto."

Shangazi aliweka mkono mdomoni. Karani akatazama makuti juu, akamtazama mzee ambaye hakuwa na tone la jasho, akavuta pumzi ndefu.

"Nahamia Jumamosi," akasema.

Habari za Kibuta hazikutajwa tena. Tulibaki na kazi moja tu, nayo ilituchosha kuliko makuti: kumshawishi baba mkubwa atoke chumbani kabla mpangaji hajafika.