Ukuta Chini ya Marumaru

Siku afisa utamaduni wa halmashauri alipoingia mtaani kwetu na kopo la rangi, nilijua tumekwisha. Hapa Manyoni ukiona mtu wa serikali ameshika rangi mbele ya nyumba yako, unasubiri alama ya X, na baada ya X ni tingatinga. Nilitoka mbio, mikono bado ina unga. Nikamkuta binti mwembamba, umri wa wanafunzi niliowafundisha juzijuzi tu.

"Shikamoo, Mwalimu. Usiogope, hatubomoi. Tunazuia watu wasibomoe."

Akanieleza kwamba eneo la mji wa kale linalolindwa lilikuwa ni nyumba chache tu karibu na stesheni ya reli. Sasa linapanuliwa lifike mtaa wetu, kwa kuwa nyumba nyingi hapa ni za mawe na udongo, za tangu wakati mji wote ulipokuwa ukiishi kwa kusikiliza treni. Mwenye nyumba ndani ya eneo hilo hataruhusiwa kuvunja wala kubadilisha upande wa mbele bila kibali. Akaandika namba ndogo ya kijani kwenye nguzo ya baraza langu, akaendelea na safari yake.

Sikufurahi hata kidogo. Nyumba hii niliachiwa na baba, na mpango wangu ulikuwa nikistaafu nivunje baraza niweke fremu mbili za duka. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mama mjane ambaye marehemu mumewe alifanya kazi reli, alinicheka waziwazi. Kwake yule binti alikuwa amepita bila kuandika kitu.

"Pole, Mwalimu. Mimi nimepona."

Alipona mpaka siku ya mkutano wa mtaa kuhusu eneo hilo. Afisa alisimama akasoma orodha ya nyumba za kale, moja baada ya nyingine, na kila iliposomwa watu walipiga makofi. Alipomaliza, jirani yangu akanyoosha mkono.

"Binti, hizo ndizo nyumba zote za zamani?"

"Ndiyo, mama."

"Na yangu je?"

"Yako tumeiona ni mpya, mama. Mbele ni marumaru tupu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Niliingia nyumba ile nikiwa bibi harusi, na siku hiyo tayari ilikuwa kuukuu. Leo wewe unaniambia ni mpya?"

Marumaru hizo zilikuwa zawadi ya mwanawe mkubwa anayefanya kazi Dodoma. Alizileta baada ya msiba wa baba yake, rangi ya maziwa, zinang'aa mpaka ukipita mchana unafumba macho. Mama hakuwahi kuzisema vibaya. Lakini mara mbili madereva wa malori walimgongea wakiulizia chumba, wakidhani ni gesti, na mara zote mbili nilimsikia akiwafukuza kwa hasira ambayo haikuwa yao.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwangu. Nilimwamkia, akaitika harakaharaka.

"Mwalimu, una patasi?"

"Ya nini, Mama?"

"Yule binti amesema nikimwonyesha ukuta ulio chini ya marumaru, hata kipande cha ukubwa wa sinia, atarudi kuangalia."

Nilimshauri ampigie mwanawe kwanza. Akapiga hapohapo, akaweka spika.

"Mama, unataka kubandua zile marumaru?" Sauti ya mwanawe ilipanda. "Nilizipakia mwenyewe kwenye lori. Watu watasemaje?"

"Baba, marumaru ni zako na nimeshukuru. Ukuta ni wa baba yako. Nataka kuuona."

Mwanawe akashusha sauti, akasema, "Basi mwite fundi. Usipande juu ya kiti mwenyewe."

Fundi alikuja na nyundo, akaanza chini ya dirisha. Marumaru tatu zikavunjika, ya nne ikatoka nzima. Chini yake saruji, na chini ya saruji chokaa. Fundi akapangusa kwa kiganja, na tukaona mstari wa buluu uliofifia, upana wa mkono, ukipita chini ya dirisha lote.

Mama akasogea, akaugusa. "Hii niliipaka mimi. Buluu ya kufulia nguo, unakoroga kwenye chokaa. Mume wangu alisema nimeitia nyingi mno, nyumba itaonekana zahanati." Akacheka, halafu akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Mimi nilisimama pale na mawazo yangu ya fremu za duka.

Afisa alirudi, akapiga picha, akapima unene wa ukuta dirishani. Mpaka wa eneo kwenye ramani ulisogezwa ukachukua upande wao wote wa barabara. Si kila mtu alishukuru. Jirani yake wa pili, ambaye tayari alikuwa na tofali za kujenga ghorofa, alikaa wiki nyingi akimsalimia mama kwa kidevu tu. Baadaye alipewa kibali cha kujenga nyuma, mbele pabaki palivyo, wakaanza kuongea tena. Hata mimi nilipata kibali cha fremu moja ubavuni, na baraza langu lipo. Jioni nakaa hapo kusahihisha madaftari, na nashangaa niliwezaje kutaka kulivunja.

Mwanawe wa Dodoma alikuja likizo akabandua marumaru zilizobaki mwenyewe, taratibu, zisivunjike. Nyingi zilitoka salama, akazitandika sakafuni bafuni na jikoni kwa mama yake. Sasa mama anawapitisha wageni jikoni kwanza kabla hawajakaa.

Na siku hizi afisa hapiti mtaani bila yeye. Jumamosi iliyopita niliwafuata, nimembebea mama mwavuli. Mama alitembea mbele, akinyoosha kidole: hapa palikuwa na dirisha, wameliziba, huyu alikuwa na mlango wa mbao ya mninga, uko uani, kafungia kuku. Binti anaandika. Tulipofika kona, mama akageuka, akaniambia nibebe mwavuli wake vizuri, maana jua limeanza kuwa kali na bado kuna nyumba sita.